Skrini huchaguliwa nyumbani, si dukani

Mshauri,

Mimi ni baba wa watoto watatu, tunakaa Ndosho, hapa Goma. Televisheni yetu iliharibika usiku mmoja umeme uliporudi kwa nguvu: sauti ikabaki, picha ikapotea. Tangu hapo mimi na mke wangu tumeweka akiba katika AVEC yake, kile kikundi cha akiba na mikopo, na sasa tuna dola 450. Kijana wangu mkubwa ameona madukani Birere televisheni ya OLED ya inchi 55, okazyo iliyokwisha kutumika Ulaya, anasema nyingine zote ni kupoteza pesa. Muuzaji wa duka la pili ananisukuma nichukue QLED mpya ya inchi 50, anasema QLED na OLED ni kitu kimoja. Shemeji anataka nivuke mpaka nikanunue Gisenyi. Mke wangu anasema LED ya kawaida ya inchi 43 inatutosha, pesa nyingine ibaki kwa shule. Nilimjibu vibaya mbele ya watoto, kwamba mwanamke hajui mambo ya mashine. Tangu siku hiyo hatusemezani vizuri.

Sebule yetu ni mita tatu kwa nne, viti viko kama mita mbili na nusu kutoka ukutani, dirisha linatazamana na ukuta wa televisheni. Mechi ikiwepo majirani wanajaa hadi mlangoni. Umeme ni wa cash power, wa kulipia kabla, unakatika mara nyingi; tuna betri moja ya 100 Ah na inverta. Ninunue ipi?

Papa wa Ndosho

Papa wa Ndosho,

Nianze na jibu, maana pesa ikikaa ndani kila siku kuna shida inayoiita. Nunua LED mpya ya inchi 43, ile aliyoitaja mke wako, na sehemu ya dola zitakazobaki itumie kuilinda na umeme. OLED ya okazyo iache. QLED si mbaya, lakini kwa sebule yako utalipa zaidi kwa faida ndogo. Sababu zote zimo ndani ya barua yako mwenyewe: ukubwa wa chumba, dirisha, betri, majirani walio mlangoni. Anayeingia dukani bila kuyapima hayo atachaguliwa na muuzaji.

Kabla ya kutoa hata dola moja, jaribu kitu kimoja. Usiku zima taa za sebuleni, washa ile televisheni ya zamani, kisha mulika kioo chake kwa tochi ya simu, kwa karibu na kwa upande. Ukiona picha hafifu inatembea mle ndani, kioo ni kizima. Kilichokufa ni taa za nyuma au sakiti inayozipa umeme. Taa hizo zimeungwa kwa mfuatano, hivyo moja ikiungua zinaweza kuzimika zote. Kubadilisha mikanda ya taa ni kazi ya kila siku kwa mafundi wa televisheni. Mwulize fundi bei kwanza. Ikiwa ni ndogo, umepata televisheni bila kugusa akiba. Ikiwa inakaribia nusu ya bei ya mpya, mwache.

Jaribio hilo litakuonyesha pia siri ya televisheni nyingi zilizo dukani. Kioo cha LCD hakitoi mwanga wake chenyewe. Ni kama mamilioni ya mapazia madogo yanayofunguka na kufungwa mbele ya taa nyeupe. Zamani taa hizo zilikuwa mirija, leo ni LED, na ndilo jina lililobaki kwenye karatoni. Kwa hiyo “televisheni ya LED” ni LCD yenye taa za LED nyuma au kandokando. Na kwa kuwa mapazia hayazibi kabisa, weusi wake huwa na ukungu kidogo. Utauona zaidi katika filamu za usiku, chumba kikiwa na giza.

QLED ni LCD hiyohiyo. Kilichoongezwa ni utando wenye chembe ndogo sana, za nanomita chache, zinazogeuza mwanga wa buluu kuwa mwekundu na wa kijani safi. Samsung ilianza kuuza televisheni kwa jina hilo mwaka 2017, na leo TCL na Hisense nazo zinalitumia. Rangi zinashiba zaidi, lakini taa za nyuma ziko palepale na mapazia ni yaleyale. Ukisikia Mini-LED, hapo taa zimefanywa ndogo na nyingi, zimegawanywa katika maeneo, na kila eneo linapunguzwa mwanga peke yake ili weusi uwe mweusi kweli. Ni nzuri, lakini akiba yenu haijafika huko.

OLED ni jambo jingine kabisa, na muuzaji aliyekwambia ni sawa na QLED amekosea. Haina taa ya nyuma. Kila nukta ya picha inatoa mwanga wake, na ikitakiwa kuwa nyeusi inazimika yenyewe. LG ilianza kuuza OLED za inchi 55 mwaka 2013, na hadi leo wanaopenda filamu wanazipenda kuliko zote. Kijana wako amesema kweli kuhusu picha, na ningependa umwambie hivyo. Ila kuna mambo mawili ambayo muuzaji hakumweleza.

La kwanza, nukta za OLED huchakaa kadiri zinavyotumika. Nembo ya chaneli iliyokaa pembeni saa nyingi kila siku, au kibao cha magoli, huweza kuacha kivuli kisichofutika. Okazyo imekuja na saa za kutazama za mmiliki wake wa kwanza, na wewe huzijui. Kijana akitaka kuhakikisha, aweke kwenye flashi picha nyekundu tupu na ya kijivu tupu, azifungue moja moja zijaze skrini nzima. Kivuli kikiwepo kitajitokeza.

La pili linatuhusu sana sisi wa Goma. OLED ikizimwa kwa rimoti hubaki na umeme kidogo, na wakati huo inajisafisha, inasawazisha nukta zilizochoka ili vivuli visijengeke. Kazi hiyo inahitaji iachwe kwenye plagi. Lakini hapa kwetu umeme hukatika usiku, na mwenye busara huchomoa plagi akisikia radi. Utakuwa kila siku unachagua kuilinda na radi au kuilinda na uchakavu. Televisheni ya LED haikupi mtihani huo.

Sasa tuhesabu umeme, maana skrini inanunuliwa mara moja lakini cash power inanunuliwa kila mwezi. Nyuma ya kila televisheni kuna kibandiko chenye idadi ya wati. Kisome kabla ya kusoma bei. Chukua mfano wa LED ya inchi 43 inayotumia wati 70 na OLED ya inchi 55 inayotumia wati 120. Ukitazama saa tano kwa siku, kwa mwezi ya kwanza itakula uniti kumi na nusu, ya pili 18. Kwenye betri tofauti inauma zaidi. Betri ya volti 12 na 100 Ah ina wati-saa 1,200, lakini ya asidi usiitumie kupita nusu, la sivyo utaiua. Inverta nayo inakula sehemu yake. Umebaki na kama 500. Ongeza dekoda ya wati 15: ile LED itakupa karibu saa sita, ile OLED chini ya saa nne. Ukipunguza mwanga wa taa za nyuma hadi katikati, jambo ambalo usiku halisumbui macho, LED itakula pungufu ya hapo na taa zake zitaishi muda mrefu.

Kuhusu ukubwa na 4K, usitishwe. Skrini ya Full HD ina nukta 1,920 kwa 1,080. Ya 4K ina 3,840 kwa 2,160. Kwenye inchi 43, mtu mwenye macho mazuri akikaa mbali zaidi ya mita moja na sentimita 70 hawezi tena kuzitenganisha nukta za Full HD. Viti vyako viko mita mbili na nusu. Ukipata 4K ya kweli kwa bei ileile, chukua. Usilipe zaidi kwa ajili yake. Ila jihadhari na maandishi ya karatoni. Kuna televisheni ndogo zinazoandikwa kwamba zinapokea 4K au Full HD, kumbe kioo chenyewe kina nukta 1,366 kwa 768 tu. Uliza kioo kina nukta ngapi, usiulize kinapokea nini.

Majirani zako nao wahesabiwe. Usiku wa tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika na Côte d’Ivoire mjini Abidjan, Léopards, timu yetu ya taifa, walisimama kwa wimbo wa taifa wakiwa wamefunika mdomo kwa mkono na kuelekeza vidole viwili kichwani, ili dunia ione yanayotupata huku mashariki mwa Kongo. Picha kama hiyo ni haki ya kila aliyeingia kwako, hata aliyesimama mlangoni. Kwa hiyo angalia aina ya kioo. Cha IPS kinaonekana vizuri hata kutoka upande, ingawa weusi wake ni hafifu. Cha VA kina weusi mzito, lakini ukihama pembeni rangi zinapauka. Muuzaji asipojua, jipimie mwenyewe: simama upande wa kushoto kabisa, kisha wa kulia, utazame nyuso za watu. Zikipauka, nenda kwa nyingine. Na kwa kuwa dirisha linatazamana na ukuta huo, hamishia televisheni kwenye ukuta wa ubavuni au weka pazia zito. Hakuna skrini ya bei yenu itakayoshinda jua linaloipiga usoni.

Fungu la ulinzi usilipuuze. Kituo cha umeme cha Matebe kule Rutshuru, kilichozinduliwa mwaka 2015, kimeleta mwanga kwa nyumba nyingi za mji wetu, lakini nyaya zinapita katika nchi ya vita. Sote tunakumbuka mwisho wa Januari 2025, umeme na maji vilipokatika pamoja. Radi nayo ni ya kwetu: utafiti wa setilaiti uliotolewa mwaka 2016 uliiweka Kabare, huko Kivu Kusini, ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Nunua stabilizateri nzuri inayochelewesha umeme kwa dakika chache unaporudi, maana ni katika dakika hizo televisheni nyingi hufa, kama yenu. Radi ikianza, chomoa plagi na waya wa antena pia, kwa sababu stabilizateri haizuii radi na waya wa antena ni mlango wake wa pili. Mwite fundi akague waya wa ardhini. Mwamba wa lava haupitishi umeme vizuri, na chuma kilichochomekwa juujuu kwenye mawe hakikulindi.

Ukifika dukani, usiamini video ya maua na samaki. Televisheni za maonyesho huwekwa mwanga wa juu kabisa na rangi kali ili zivute macho. Omba irudishwe kwenye hali ya nyumbani, kisha uone mechi kutoka dekoda ya kawaida. Tazama kiwanja cha majani kamera inapotembea: madoa na mistari ya giza yataonekana hapo. Omba picha nyeupe tupu na nyeusi tupu, utafute nukta zilizokufa. Hakikisha namba ya nyuma ya televisheni inalingana na ya karatoni. Pendelea inayokubali volti 100 hadi 240, kwa sababu umeme wetu hushuka jioni. Kuhusu Gisenyi, televisheni ikiharibika wakati wa dhamana utaivusha tena mpakani. Bei ya kule iwe imeshuka vya kutosha kulipia ushuru, gari na usumbufu huo.

Sasa lile lililo zito kuliko skrini. Mke wako hakutaja nanomita wala nukta, lakini alitazama chumba, viti na ada za shule, akafika penye jibu kabla yetu sote. Akiba ilikaa katika AVEC yake, na yeye ndiye aliyeketi katika mikutano. Maneno uliyomwambia yalisikiwa na watoto, kwa hiyo msamaha nao usikiwe na watoto. Mwambie: nilikosea, hesabu yako ni sahihi, twende pamoja. Usingoje siku ya kununua ili zawadi iseme kwa niaba yako.

Kisha nendeni Birere watatu. Kijana ashike flashi na awe mkaguzi, maana ana jicho na anastahili kazi yenye heshima. Mama ashike pesa na atoe uamuzi wa mwisho. Wewe pima ukuta kwa mita kabla ya kutoka, usome vibandiko, na dola zitakazobaki baada ya stabilizateri zipelekwe shuleni siku hiyohiyo.

Amani iwe nyumbani kwenu.

Mshauri wenu