Dondoo muhimu: Kuchagua mfumo wa kuhifadhi meza na vyumba vya mikutano

Ofisi ya Mwanza ambayo wafanyakazi wake hupokezana meza na vyumba vya mikutano isichague mfumo kwa uzuri wa skrini. Iulize kwanza utafanyaje kazi intaneti ikikatika. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba sehemu kubwa ya Tanzania. Kwa hiyo chagua programu inayotunza ratiba ya siku ndani ya kompyuta ya mapokezi na kutuma uthibitisho kwa SMS. Kagua saa pia: ujumbe useme “saa nne asubuhi”, si 10:00 peke yake, maana hapo ndipo watu hupishana.

Wapo watakaosema daftari la mapokezi latosha. Kwa ofisi yenye chumba kimoja na watu wachache ni kweli, wala wasitoe hata shilingi. Lakini daftari halimwambii mtu anayesubiri kivuko Ukerewe kwamba chumba kimeshachukuliwa, wala halikirudishi chumba ambacho aliyekihifadhi hakutokea. Hasara kubwa iko hapo, hivyo dai mfumo unaofuta wenyewe nafasi ikiwa mhusika hajathibitisha ndani ya dakika 15. Na kwa kuwa utakusanya majina na namba za simu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu. Kabla ya kusaini, muulize muuzaji taarifa hizo zinatunzwa wapi na zitafutwa lini. Asipojibu kwa maandishi, tafuta mwingine.