Maepo makavu: usipaki yakiwa bado vuguvugu

Nina miti michache ya maepo hapa Njombe. Makubwa nauza mabichi, madogo nakausha na kuuza mtandaoni. Msimu uliopita nilituma pakiti 40 Mwanza kwa basi, zikafika na ukungu. Nikarudisha hela za watu, na nauli ya mzigo ikala kwangu.

Kosa? Haraka. Niliyafunga yakiwa bado ya moto, mvuke ukageuka maji humo humo.

Siku hizi nakata vipande vya milimita 5 hivi, unene mmoja, naloweka dakika 10 kwenye maji ya limao visigeuke kahawia, ndipo nakausha. Kikipoa kimoja nakichana. Nikiona unyevu, bado. Vilivyo tayari naweka kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, isijae, siku 7, natikisa kila siku. Ukiona matone kwenye kioo, rudisha vyote vikauke tena.

Na bei, jamani! Epo ni maji kama asilimia 85. Kilo 10 mbichi, ukitoa maganda na katikati kwenye mbegu, unabaki na kilo moja na ushee. Mimi nilikuwa napiga hesabu kwa kilo mbichi, nashangaa mtaji unaishia wapi.