Saa ya Meli na Nyakati za Sala

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyelijaalia jua na mwezi kuwa hesabu kwa waja wake. Na sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Tumeletewa suala na ndugu yetu mmoja wa mji huu, naye ni mtu mwenye kuchunga dini yake. Alisafiri katika mwezi wa Ramadhani, yeye na watu wa nyumba yake, kwa meli ya matembezi kutoka Mombasa kwenda kisiwa cha Mahé, katika Shelisheli. Alichukua kalenda ya nyakati za sala za Mombasa, akaibandika ukutani katika chumba chao melini. Usiku wa kwanza ilitangazwa kwamba saa zote za meli zisogezwe mbele kwa saa moja, nao wakazisogeza. Siku ya pili wakafunga. Ilipofika saa kumi na mbili na dakika 35 jioni, kama ilivyoandikwa katika kalenda, wakafuturu kwa tende na maji mahali pasipo dirisha, kisha wakasali magharibi. Walipopanda juu kupunga upepo, wakaliona jua lingali juu ya bahari. Mkewe akalia, na yeye hakuwa na neno la kumwambia. Sasa auliza: ni ipi hukumu ya saumu ile na sala zile? Na msafiri afuate saa gani?

Suala hili si la mtu mmoja. Leo watu wetu wengi wasafiri, kwa bahari na kwa anga, na kila mmoja ana saa mkononi na simu mfukoni, na wengi katika sisi hatujui saa hizo zatuambia nini. Basi twaona ni wajibu kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba saa na wakati ni vitu viwili. Wakati wa sala ameuweka Mwenyezi Mungu, na alama zake ziko mbinguni: kupambazuka alfajiri ya kweli, kupinduka kwa jua, kurefuka kwa kivuli, kutua kwa jua, na kupotea kwa wekundu wa magharibi. Katika Suratun Nisaa, aya ya 103, twafundishwa kwamba sala ni faradhi iliyowekewa nyakati zake. Na katika Suratul Baqara, aya ya 187, mpaka wa saumu umewekwa baina ya alfajiri na usiku. Hapana aya wala hadithi iliyofungamanisha ibada hizi na mishale ya saa. Saa ni chombo walichokitengeneza watu, wakapatana juu yake ili kazi zao zipate kwenda sawa.

Dunia huzunguka daraja 360 katika saa 24. Yaani daraja 15 kwa kila saa, na daraja moja kwa kila dakika 4. Kwa hivyo mahali palipo mashariki yetu kwa daraja moja, jua huwapindukia wenyeji wake dakika 4 kabla yetu. Lau kila mji ungelifuata jua lake, kila mji ungelikuwa na saa yake. Na wengi katika wazee wetu wa mwambao walifanya hivyo. Jua likitua ndipo walipozitengeneza saa zao kuwa saa kumi na mbili kamili. Lakini mwaka 1884 wajumbe wa mataifa 25 walikutana Washington, Marekani, wakachagua mstari wa Greenwich uwe ndio mwanzo wa kuhesabu longitudo. Baadaye nchi moja baada ya moja zikachukua saa moja kwa nchi nzima.

Saa ya Kenya ni ya mstari wa daraja 45 mashariki, na Mombasa iko kiasi cha daraja 39 na dakika 40. Ndiyo sababu jua halitupindukii saa sita kamili, bali kwa wastani ni saa sita na dakika 21. Na baina ya Mombasa na Nairobi saa ni moja, lakini jua hupinduka Mombasa kiasi cha dakika 11 kabla ya kupinduka Nairobi. Basi ikiwa saa na jua hazipatani hapa nyumbani, vipi zitapatana baharini, juu ya chombo kinachokwenda usiku na mchana?

Sasa turudi kwa ndugu yetu. Mahé iko kiasi cha daraja 55 na nusu mashariki, nayo iko kusini ya mstari wa ikweta karibu sawa na Mombasa. Tofauti baina ya miji hii miwili ni kiasi cha daraja 16, yaani saa moja na dakika chache; na serikali ya Shelisheli imeweka saa yake mbele ya yetu kwa saa moja kamili. Nahodha aliisogeza saa usiku wa kwanza kwa sababu meli yaelekea huko. Lakini meli haikuwa imefika. Jioni ile ilikuwa katikati ya njia, kiasi cha daraja 8 mashariki ya Mombasa. Jua lilikuwa limewatangulia kwa dakika 32 tu, na saa imewatangulia kwa dakika 60. Basi magharibi yao kwa saa ya meli ilikuwa ni saa moja na dakika 3 usiku, nao walifuturu saa kumi na mbili na dakika 35. Walikula mchana, karibu nusu saa kabla ya jua kutua.

Na si saumu peke yake. Ikiwa alfajiri ile walisali mara tu saa ilipofika kumi na moja na dakika 15, kama ilivyo katika kalenda, basi walisali kabla ya alfajiri kuingia. Na adhuhuri kadhalika.

Katika kurudi, mambo hugeuka. Saa hurudishwa nyuma usiku wa kwanza, na meli ingali mashariki. Mwenye kuitegemea kalenda ya Mombasa ataendelea kula daku mpaka saa kumi na moja na dakika 15, na alfajiri imekwisha kuingia tangu saa kumi na dakika 43. Hapa khatari ni kubwa zaidi, kwani mtu atakula nusu saa baada ya alfajiri na hatagutuka, wala hapana jua la kumwonyesha kosa lake.

Ama hukumu, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, aliyekula akidhani usiku umeingia, kisha ikabainika kwamba bado ni mchana, saumu yake ya siku ile haikutimia, na ni juu yake kuilipa siku moja. Hana kafara. Sala iliyosaliwa kabla ya wakati wake haiondoi faradhi, na ni lazima isaliwe tena. Na kwa kuwa amekwisha kurudi mjini kwake, azilipe adhuhuri na alasiri kwa rakaa nne kamili. Ama dhambi, aliyejitahidi kuutafuta wakati kisha akakosea, hana dhambi. Lakini kuufuata wakati kwa kubahatisha tu si kujitahidi. Na wanazuoni wetu wamesema kwamba mwenye kusali kwa kubahatisha, sala yake haisihi hata kama imesadifu wakati wake.

Basi msafiri afanye nini? Kwanza, aulize kila siku mambo mawili: meli iko daraja ngapi za longitudo, na saa ya meli imesogezwa kiasi gani. Katika meli nyingi za abiria mahali ilipo meli huonyeshwa, na mabaharia wakiulizwa hujibu. Akienda mashariki, atoe dakika 4 kwa kila daraja katika kalenda ya mji wake, kisha aongeze kiasi saa ilichosogezwa mbele. Akienda magharibi, aongeze dakika 4 kwa kila daraja, kisha atoe kiasi saa ilichorudishwa nyuma. Na katika yote ajiwekee dakika kadhaa za tahadhari.

Pili, ajue kwamba hesabu hii yafaa kwa safari ya mashariki na magharibi. Mwenye kwenda kaskazini au kusini haimtoshi. Jeddah na Mombasa ziko karibu katika longitudo moja, na saa yao ni moja. Lakini katika mwezi wa Juni jua hutua Mombasa kiasi cha saa kumi na mbili na dakika 20, na Jeddah huwa ni saa moja na dakika zake. Huyo hana budi apate kalenda ya kila mahali apitapo.

Tatu, programu za simu zihesabuzo nyakati za sala ni msaada mzuri, lakini zataka kujua mambo mawili, mahali na saa. Simu iliyokatika mawasiliano katikati ya bahari yaweza kudhani ingali Mombasa. Aithibitishe kabla ya kuitegemea.

Nne, na hili ndilo asili ya yote, apande juu atazame. Hapana mahali jua laonekana likitua wazi kuliko baharini penye mbingu safi. Na Mwenyezi Mungu amemsahilishia msafiri: anayo ruhusa ya kula na kulipa, na anayo ruhusa ya kuikusanya adhuhuri pamoja na alasiri. Mwenye shaka na aichelewesha adhuhuri, kwa nia, mpaka wakati wa alasiri ubainike.

Imebaki saa ya meli yenyewe. Je, haina hukumu? Inayo. Saa ile ni ya mapatano. Ukiambiwa abiria wote wawe wamerudi melini saa kumi na moja jioni, hilo ni sharti ulilolikubali, na Waislamu wameamrishwa kutimiza masharti yao. Wala usiiache simu ikuhukumie, kwani ikifika bandarini hushika saa ya nchi. Ikiwa meli yafuata saa ya Kenya na umeshuka Msumbiji, ambako saa iko nyuma yetu kwa saa moja, ukirudi saa kumi na moja kwa simu yako utakuta kwa saa ya meli ni saa kumi na mbili, na meli imekwisha ng'oa nanga. Hapa jua halina neno, afuatwe nahodha. Kila hesabu ina mwenyewe: miadi ya watu ni kwa saa waliyopatana, na ibada ni kwa jua la pale uliposimama.

Ndugu zangu, elimu hii si ya wageni. Ibnu Shatir, aliyekuwa mchunguza nyakati katika Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus, alitengeneza saa ya kivuli cha jua kwa ajili ya mnara wa msikiti ule mwaka 1371. Wakati huo misikiti mikubwa kadhaa ilikuwa na mtu wa kazi hiyo. Leo sisi twatundika karatasi ukutani na kuiamini popote tuendapo, wala hatumfundishi mtoto kutambua alfajiri ya kweli na alfajiri ya uongo. Twalipa nauli kubwa, na hatutoi hata nusu saa ya kujifunza yatakayoihifadhi sala yetu njiani. Hizi ni aibu tuziondoe katika madarasa yetu na katika nyumba zetu.

Na ndugu yetu tumemwambia: lipa siku yako, zisali tena sala zako, na umwambie mkeo asihuzunike, kwani mlango wa Mola wetu haufungwi kwa mwenye kuuliza. Wallahu aalam, wabillahi ttawfiq.