"BY" NA "UNTIL": MANENO MAWILI YALIYONIKOSESHA LAKI MBILI NA NUSU

Somo la leo ni la Kiingereza, ila hasara yake ilikuwa ya shilingi.

Nauza mikoba ya ukili hapa Bagamoyo, Mji Mkongwe, kwa wageni wanaokuja kuangalia majengo ya kale. Mgeni mmoja aliipenda, akataka 10 ya kupeleka kwao, kila mmoja 25,000. Tukapeana namba. Usiku akatuma meseji: "Can you finish by Thursday?" Kijana wa jirani akanitafsiria: "Anauliza utamaliza mpaka Alhamisi?" Basi nikakariri: "by" ni "mpaka".

Nikakimbia Kaole kwa mama anayenishonea. Nikamlipa kwa hela niliyotenga ada ya mtoto, nikijua Alhamisi inarudi. Kweli, Alhamisi mchana mzigo tayari. Nikamwandikia mgeni: "Bags ready. I am in the shop by 6 p.m." Nilitaka kusema nipo dukani mpaka saa 12 jioni, aje kabla sijafunga. Nikasubiri weee. Saa 12 na robo nikafunga, na simu imeisha chaji.

Mgeni alifika saa 12 na nusu, akakuta kufuli. Alfajiri akaondoka kwenda uwanja wa ndege Dar. Advansi sikuchukua. Mikoba niliiuza mmoja mmoja, miezi ikapita, na ada nikaitafuta kwingine.

Kosa lilikuwa langu. Kwa Kiingereza nilimwambia: "Ikifika saa 12 nitakuwa nimeshafika dukani." Naye akaona akija baada ya saa 12 ndo atanikuta!

SASA TOFAUTI NI HII

Kwa Kiswahili "mpaka" tunaibebesha kazi zote mbili. Kiingereza kimezigawa.

1. UNTIL: jambo linaendelea muda wote, likifika hapo linakoma.
"The shop is open until 6 p.m." Duka liko wazi, saa 12 jioni linafungwa.
Wanaoongoza wageni hapa kwetu husema: "Bagamoyo was the capital of German East Africa until 1891." Yaani ilikuwa makao makuu ya Wajerumani, ikakoma mwaka huo, yakahamia Dar es Salaam.
Ukiona "till" kwenye sentensi ya namna hii, ni hilohilo.

2. BY: jambo litimie siku au saa hiyo, au kabla yake. Lisipitilize.
"The bags will be ready by Thursday." Inaweza kuwa Jumanne, inaweza kuwa Jumatano, ila Alhamisi isipite.
"Please pay by Friday." Ijumaa ndo mwisho wa kulipa.

JINSI YA KUJIPIMA

Kabla hujatuma meseji, jaribu maneno haya kwa Kiswahili:
- Ukiweza kusema "muda wote hadi", andika UNTIL.
- Ukiweza kusema "isizidi", andika BY.

Nipo dukani muda wote hadi saa 12: until. Mzigo uwe tayari, isizidi Alhamisi: by.

ZOEZI

a) Samaki watakuwa wameshafika sokoni ikifika saa 4 asubuhi. "The fish will be here ___ 10 a.m."
b) Nitakusubiri stendi hadi saa 8 mchana. "I will wait for you ___ 2 p.m."
c) Nahitaji advansi kabla kesho haijaisha. "I need the deposit ___ tomorrow."

Majibu: a) by, b) until, c) by.

Na saa pia muangalie. Saa 12 yetu ya jioni kwao ni 6 p.m. Ukimwandikia mgeni "12", atakuja mchana wa jua kali.

Ukiwa na wasiwasi, achana na maneno yote mawili. Andika tu: "The shop closes at 6 p.m." Hapo hakuna wa kupotea. Na advansi chukua, hata kama mteja anacheka vizuri.

Tukutane somo lijalo. Biashara njema.