Daftari Lililomeza Ardhi: Historia ya Oklahoma hadi Kuwa Jimbo, 1541–1907

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutuhimiza kuhifadhi kumbukumbu za maandishi ili tusije tukadhulumiwa. Hata hivyo, historia ya jimbo la Oklahoma nchini Marekani inatulazimu kuitazama upya. Huko mali ilipotea daftari likiwapo. Tena ilipotea kupitia daftari lenyewe. Makala haya yananuia kuifuatilia historia hiyo na kubainisha kuwa haitoshi kuuliza iwapo jambo liliandikwa. Sharti tuulize pia ni nani aliyeshika kalamu.

Wageni wa Kwanza

Kabla ya ujio wa Wazungu, nchi hiyo ilikaliwa na Wawichita, Wacaddo na jamii nyinginezo. Mnamo mwaka wa 1541, Mhispania Francisco Vázquez de Coronado alipita sehemu zake za magharibi akisaka dhahabu, asiipate. Mwaka wa 1682, Mfaransa La Salle alitangaza kuwa bonde lote la mto Mississippi ni mali ya mfalme wake. Mwaka wa 1719, Mfaransa mwingine, Bernard de La Harpe, alifika katika vijiji vya Wawichita kutafuta biashara. Hatimaye, mnamo 1803, Marekani iliinunua Louisiana kutoka kwa Ufaransa kwa dola milioni 15, na sehemu kubwa ya Oklahoma ya leo ikawa ndani ya ununuzi huo. Wenyeji hawakuulizwa. Hapa ndipo tunapoona kwa mara ya kwanza karatasi ikiigawa nchi ambayo waandishi wake hawakuijua.

Ahadi ni Deni

Mwaka wa 1830, Rais Andrew Jackson alitia saini sheria ya kuwahamisha wenyeji wa kusini mashariki hadi magharibi ya Mississippi. Waliohamishwa hasa ni mataifa matano: Wachoctaw, Wachickasaw, Wacreek, Waseminole na Wacherokee. Wacherokee wapatao 16,000 walifurushwa, wengi wao kwa mtutu wa bunduki, mnamo 1838 na 1839. Inakadiriwa kwamba 4,000 kati yao walifariki katika safari hiyo iitwayo Njia ya Machozi.

Badala ya nchi zao walipewa ardhi mpya, pamoja na mikataba. Mkataba wa Wachoctaw wa mwaka wa 1830 uliahidi kwamba hakuna jimbo lolote ambalo lingekuwa na haki ya kuwatungia sheria. Ahadi ni deni, na deni hili tutalirejelea.

Taifa Lenye Maandishi Yake

Ikumbukwe kuwa hawa hawakuwa watu wasiojua kuandika. Kufikia mwaka wa 1821, Mcherokee aitwaye Sequoyah, ambaye hakujua kusoma Kiingereza, alikuwa amebuni mfumo wa kuiandika lugha yake. Kila alama iliwakilisha silabi nzima. Kwa mfumo wa aina hiyo, neno letu "kalamu" lingehitaji alama tatu tu: ka, la, mu. Wacherokee walijifunza kusoma kwa kasi ya ajabu. Mwaka wa 1827 waliandika katiba, na mwaka wa 1828 wakaanzisha gazeti la Cherokee Phoenix kwa lugha mbili. Baada ya kuhamishwa, waliandika katiba nyingine mwaka wa 1839, wakaufanya mji wa Tahlequah kuwa makao makuu yao, na mwaka wa 1844 wakaanza kuchapisha Cherokee Advocate.

Uadilifu wa kitaaluma unatudai tuseme pia kwamba matajiri miongoni mwa mataifa hayo walimiliki watumwa wenye asili ya Kiafrika na kuhama nao. Utumwa huo ulikomeshwa rasmi kwa mikataba ya mwaka wa 1866, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mikataba hiyo hiyo iliyapokonya mataifa hayo ardhi ya magharibi. Ni katika mazungumzo ya mwaka huo ambapo kiongozi wa Wachoctaw, Allen Wright, alipendekeza jina Oklahoma. Katika lugha yake, "okla" ni watu na "homma" ni -ekundu. Yaani, nchi ya watu wekundu.

Mbio na Daftari

Adhuhuri ya tarehe 22 Aprili 1889, watu wapatao 50,000 walijipanga mpakani. Ishara ilipotolewa, walitimua mbio kwa farasi, mikokoteni na miguu kugombea takriban ekari milioni 2. Kufikia jioni, miji ya Guthrie na Oklahoma City ilikuwa imechipuka kwa mahema. Mwaka uliofuata eneo hilo likapewa serikali yake chini ya Marekani.

Upande wa mashariki, ardhi ilikuwa bado milki ya pamoja ya yale mataifa matano. Ili kuivunja milki hiyo, serikali iliunda Tume ya Dawes mwaka wa 1893. Sheria ya Curtis ya mwaka wa 1898 ikazivunja mahakama za mataifa hayo na kulazimisha ardhi igawiwe mtu mmoja mmoja. Tume ikaandika daftari lenye majina zaidi ya 100,000, likiwapanga watu kwa kiwango cha damu, na kuwatenga waliokuwa watumwa na vizazi vyao katika orodha yao pekee.

Wapo waliokataa kuandikishwa, wakiongozwa na Chitto Harjo kwa Wacreek na Redbird Smith kwa Wacherokee. Walitambua kwamba jina likishaingia daftarini, ardhi ya taifa hugeuka kipande cha mtu, na kipande cha mtu huuzika. Hofu yao ilitimia. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1940, mwanahistoria Angie Debo alionyesha jinsi walezi walioteuliwa na mahakama walivyowafilisi hata mayatima.

Jimbo Lililokataliwa

Mwaka wa 1905, wajumbe walikutana mjini Muskogee, wakaandika katiba ya jimbo lao wenyewe na kuliita Sequoyah. Katika kura ya maoni, zaidi ya watu 56,000 waliliunga mkono. Waliopinga walikuwa 9,000 hivi. Bunge la Marekani halikulikubali. Tarehe 16 Novemba 1907, maeneo yote mawili yaliunganishwa kuwa jimbo la 46. Mjini Guthrie ilifanywa harusi ya kuigiza, bwana harusi akiwa Oklahoma na bibi harusi akiwa nchi ya wenyeji. Bunge la jimbo hilo jipya lilianza kazi kwa sheria ya kuwatenga Weusi katika mabehewa ya gari moshi.

Hitimisho

Kwa hiyo jina la wenyeji lilibaki, nchi ikaenda. Lakini maandishi hayafi upesi. Mnamo 2017, mahakama ya Marekani iliamua kuwa vizazi vya watumwa wa Wacherokee walioorodheshwa na Tume ya Dawes wana haki ya uraia wa taifa hilo. Mnamo 2020, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba, kwa sheria ya makosa makubwa ya jinai, eneo la Wacreek lilikuwa bado ni lao, kwa kuwa Bunge halikuwahi kuivunja ahadi ya mikataba kwa maneno bayana.

Kwa mwanafunzi wa lugha, funzo ni hili: daftari haliilindi mali kwa kuwapo tu. Hulinda pale mwenye mali anapoweza kuliandika, kulisoma na kulihoji. Sequoyah aliwapa watu wake kalamu; daftari lililowanyang'anya nchi liliandikwa na wengine.