Jiko la makaa sebuleni: sumu isiyonuka katika baridi ya Eldoret

Jumamosi jioni katika nyumba nyingi za mji wa Eldoret hufuata mtindo mmoja. Maharagwe au githeri hutelekwa kwenye jiko la makaa alasiri, kwa sababu chakula hiki huchukua saa mbili au tatu kuiva, na gesi ni ghali kwa kazi ndefu kama hiyo. Jua likishatua na baridi kuanza kuuma, jiko hubebwa kutoka nje ya mlango na kuingizwa sebuleni. Chakula huendelea kutokota, nyumba ikapata joto, watoto wakamalizia kazi ya shule kando ya jiko, na wazazi wakatazama runinga tangu taarifa ya habari ya saa moja hadi usingizi uwachukue. Madirisha yamefungwa. Mwanya ulio chini ya mlango umezibwa kwa gunia au kitambaa.

Kila mwaka inapofika miezi ya Juni, Julai na Agosti, sisi madaktari huwapokea watu wanaoumwa na kichwa, wanaosikia kizunguzungu na kichefuchefu, na wengine wanaotapika. Wengi huwa wamekwisha kununua dawa za malaria dukani. Malaria ipo, hasa kwa aliyerudi juzi kutoka Kakamega, Busia au Kisumu. Lakini mgonjwa asiye na homa, ambaye mke na watoto wake pia wameumwa na kichwa usiku ule ule, na ambaye alipata nafuu alipotoka nje asubuhi, anahitaji kuulizwa swali jingine kabisa: jana mlilala na jiko ndani?

Makaa yanapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho wala koo. Ndani ya mwili hushikana na hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni yenyewe mara 200 au zaidi. Damu huendelea kuzunguka kama kawaida huku ubongo na moyo vikinyimwa hewa. Mtu husinzia, na anayemwona hudhani ni uchovu wa wiki nzima.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Huliacha jiko nje mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu kabisa, kisha huliingiza ndani wakiamini kwamba sasa ni salama. Moshi na sumu hii ni vitu viwili tofauti. Makaa mekundu yasiyo na moshi hata kidogo hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi, na hata yale yaliyofunikwa na jivu huendelea kuitoa. Jiko la kisasa lenye kauri ndani, ambalo lilianza kuenea nchini mapema katika miaka ya 1980, limewasaidia Wakenya kupunguza matumizi ya makaa. Nalisifu kwa hilo. Hata hivyo, lilibuniwa kuokoa makaa, si kuondoa sumu hii.

Mji wetu una mambo mawili yanayozidisha hatari. La kwanza ni baridi yenyewe, kwani usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 10, nani atafungua dirisha? La pili ni mwinuko. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ina oksijeni kidogo kuliko ile ya Mombasa. Mwili unaanza na akiba ndogo. Katika chumba kimoja cha kukodi pale Langas, Huruma au Munyaka, kitanda kikiwa upande huu wa pazia na sebule upande ule, jiko moja hutosha kuangamiza familia. Watoto huathirika upesi kwa sababu hupumua haraka kuliko watu wazima. Mja mzito naye anaweza kuonekana mzima ilhali mtoto tumboni ameumia.

Githeri bila kulinda jiko

Chanzo cha jiko kukaa ndani muda mrefu hivyo ni maharagwe, basi tuanzie hapo. Loweka maharagwe na mahindi Ijumaa usiku. Kesho yake mwaga maji hayo, tia mengine, na upike mchana jiko likiwa nje. Wenye kikapu cha kupikia bila moto, kile kilichoshonwa kwa kitambaa na kujazwa sponji, wanaweza kuchemsha sufuria kwa nguvu kwa nusu saa, kuifunika na kuiacha kikapuni saa tatu au nne, kisha wakaichemsha tena kabla ya kupakua. Huko kuchemsha kwa nguvu mwanzoni kusirukwe, kwa kuwa maharagwe mekundu yasiyochemka vizuri yana sumu yake inayoumiza tumbo.

Mvua ikinyesha, jiko likae chini ya paa la nje. Ikiwa hapana budi kupikia ndani, fungua mlango na dirisha la upande wa pili ili hewa ipite, na ulitoe jiko mara chakula kinapoiva. Kulala nalo ndani, hapana, hata dirisha likiwa wazi. Joto la kulalia litafutwe kwenye blanketi, soksi, na chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa taulo.

Ukimkuta mtu amezirai

Fungua mlango, mtoe nje haraka, nawe usikawie ndani. Akiwa anapumua mlaze kwa ubavu. Asipopumua, anayejua kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua aanze mara moja huku gari likitafutwa. Usimpe maziwa. Imani kwamba maziwa huua sumu ni ya zamani, lakini sumu hii imo kwenye damu, si tumboni, na aliyezirai anaweza kupaliwa akafa. Vilevile beseni la maji lililowekwa kando ya jiko halisaidii, maana hewa hii haiyeyuki majini kwa kiasi cha maana.

Hospitalini tiba ni oksijeni safi kwa barakoa. Kwa hewa ya kawaida, mwili huchukua saa nne au tano kuondoa nusu ya sumu. Kwa oksijeni hupungua hadi saa moja au moja na nusu. Mwambie muuguzi mapema kwamba kulikuwa na jiko ndani, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni, ambacho wengi walikizoea wakati wa Korona mwaka 2020, hakiwezi kuitofautisha sumu hii na oksijeni na huonyesha kiwango kizuri hata mgonjwa akiwa hatarini. Ikiwa wiki chache baadaye aliyepona ataanza kusahau mambo au kubadilika tabia, arudishwe kwa daktari.

Juma lijalo: mafuta ya taa katika chupa za soda, na mtoto aliyekunywa.