Elektroni Inapopita Handakini

SWALI: Tumefundishwa kwamba mwanga hung'oa elektroni pale tu fotoni moja inapokuwa na nishati ya kutosha. Leza ya infraredi inawezaje, ilhali fotoni zake ni dhaifu? (Mwanafunzi wa Kidato cha Sita, Kilosa)

JIBU: Kwa mwanga wa kawaida hesabu yako ni sahihi. Elektroni ya haidrojeni huhitaji elektronivolti 13.6 ili itoke. Fotoni ya leza ya nanomita 800 ina 1.55 tu. Lakini wewe ni mtu wa Kilosa, umeiona treni ya SGR: haipandi mlima, inapita handakini. Leza ya wati trilioni 100 kwa sentimita moja ya mraba ina uga wa umeme unaofikia karibu sehemu moja ya ishirini ya ule unaoishikilia elektroni kwenye kiini. Uga huo huinamisha upande mmoja ukuta wa nishati unaoifungia elektroni, ukuta ukawa mwembamba, elektroni ikapenya bila kuupanda. Leonid Keldysh wa Urusi ya Kisovieti aliandika kanuni zake mwaka 1964. Ila handaki la Kilosa likishachimbwa limechimbwa; hili la atomu hufunguka wimbi likifika kileleni, kisha hujifunga.

SWALI: Naendesha basi kupita Mikumi. Miwani yangu ya polaraizi inahusiana na hayo?

JIBU: Sana. Mwanga wa jua hutikisika pande zote, ila ukidunda kwenye lami hutikisika zaidi kwa ulalo. Miwani yako huuzuia huo, ukamwona pundamilia mapema. (Tembo, natumaini, unamwona hata bila miwani.) Leza nayo yaweza kutikisika kwa mstari mmoja, au kuzunguka kwa duara. Ikiwa ni mstari, wimbi likigeuka huirudisha elektroni, ikaigonga atomu ileile iliyoikimbia na kutoa miali ya urujuanimno. Paul Corkum wa Kanada alilieleza hilo mwaka 1993. Ikiwa ni duara, elektroni husukumwa pembeni, ikaikosa atomu yake.

SWALI: Basi hilo duara lina faida gani?

JIBU: Ni saa. Uga huzunguka kama mshale, na upande inakoangukia elektroni hutuambia ilitoka lini. Kwa leza ya nanomita 800, mzunguko mmoja ni femtosekunde 2.7, hivyo digrii 1 ni attosekunde 7 na ushei. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Griffith, Australia, waliipima haidrojeni kwa saa ya aina hii: kama elektroni ilichelewa handakini, haikuzidi attosekunde 1.8.